Sisi Tulishamzika

Walikuja kuniomba mifupa ya baba yangu nikiwa nimeinama kwenye gunia la mchele. Wanaume watatu, suti, viatu vinang'aa, vumbi la Tunduma halijawagusa bado. Nilidhani ni watu wa ushuru. Aliyetangulia akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akainamisha kichwa, akasema, "Mdogo wangu Priska, hujambo?"

Mdogo wake! Nina miaka sitini na saba, na siku ile ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo wa baba yangu kunitambua, hata kama jirani tu. Nilimjua, sikatai. Ni Alinanuswe, mtoto wa baba yangu mkubwa, ambaye siku hizi anajiita Mwene, yaani chifu, wa Isansa na kuvaa ngozi ya chui mbele ya kamera. Nilimwachia mkono nikauliza anataka kilo ngapi.

"Sikuja kununua mchele, mdogo wangu. Nimekuja kwa ajili ya Mzee Ezron. Tunataka tumrudishe nyumbani, alale kwenye msitu wa makaburi ya ukoo, pamoja na watawala wenzake. Kutakuwa na sherehe kubwa, mgeni rasmi atakuja, tutamjengea mnara. Shujaa wa uhuru hawezi kulala uani kwa watu, nyuma ya gereji ya malori."

"Uani kwa watu," nikasema.

"Ndiyo hivyo. Sasa kibali cha kufukua kaburi hakitoki mpaka mtoto wa marehemu aridhie. Na mtoto wake ni wewe peke yako."

Jamani, nilicheka. Nilicheka mpaka yule Mzambia aliyekuwa anapimiwa mchele akaniuliza, "Bamayo, muli bwino?" Nikamwambia niko salama baba, ni wageni tu hawa, wamenipa kichekesho. Mtoto ni mimi! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Ngoja nikuambie kwa nini nilicheka, halafu uniambie kama na wewe usingecheka, au usingeshika fagio ukawatoa mbio.

Baba yangu Ezron na Mwene Wiliam walikuwa tumbo moja. Wiliam mkubwa, kiti cha utawala kikawa chake. Enzi hizo Mwene alikuwa analipwa mshahara na Mwingereza, anamkusanyia kodi ya kichwa na kumfungia watu wasiolipa. Baba alikuwa anaona wanaume wazima, wenye wake na watoto, wamefungwa kamba mbele ya baraza la kaka yake. Akavumilia, akavumilia, akachoka. Akaingia TANU. Akawa anapita vijijini, Ruanda, Isansa, mpaka Saza kwa wachimba dhahabu, anauza kadi. Na watu walinunua, kwa sababu aliyekuwa anawaambia kiti kimeoza alikuwa mwana wa kiti chenyewe.

Bwana Shauri, yule Mwingereza wa wilaya, akamwita Mwene akamwuliza, "Mdogo wako au kiti chako?" Mwene hakwenda hata kulala nalo. Akachagua kiti.

Katika ukoo ule kulikuwa na adhabu moja isiyo na rufaa. Anayekisaliti kiti hauawi. Anazikwa. Walikata mgomba, wakauvika shati la baba, wakaufunga na blanketi lake, wanawake wakaangua kilio, ukoo mzima ukanyoa nywele, wakauzika. Kaburi kabisa, na mawe juu. Kuanzia siku hiyo Ezron ni marehemu. Ukipishana naye njiani humwoni. Akikusalimu hujasikia, maana wafu hawasalimii. Shamba lake la kahawa likagawanywa kama urithi, na wengine wanakunywa pesa yake mpaka leo.

Mama yangu aliletewa wembe anyoe kichwa cha ujane. Akaukataa. Akawaambia mume wangu jana kala ugali wangu, marehemu gani anakula ugali? Wakamfukuza. Akamfuata baba hapa Tunduma, na mwaka uliofuata nikazaliwa mimi. Habari zilipofika Isansa, Mwene Wiliam alisema maneno mawili tu.

"Marehemu hazai."

Umeelewa? Sikuitwa mtoto wa haramu. Hilo lingekuwa afadhali, hata wa haramu amezaliwa. Mimi kwa hesabu yao sikuzaliwa. Nimekula, nimesoma, nimeolewa, nimezaa, nimezika mume, nimeuza mchele mpaka mgongo umepinda, na muda wote huo sikuwepo. Halafu leo anakuja mtu na suti kuniambia mtoto ni wewe peke yako!

Aliyetupokea hapa alikuwa Mzee Uledi, mfanyabiashara aliyetoka Tabora na lori lake moja la mizigo. Hatukuwa kabila moja wala dini moja. Alikuwa na kadi ya TANU na baba alikuwa na kadi ya TANU, basi. Askari wa Mwingereza wakija kumsaka, Mzee Uledi anamvusha baba upande wa pili, Nakonde, na kumletea chakula. Mkewe ndiye aliyempokea mama uchungu ulipomshika. Binti yao Raudha na mimi tumekua kwenye mkeka mmoja.

Uhuru ulipopatikana, baba alikunja bendera vizuri, akaiweka kifuani, akaenda Isansa. Alidhani yamekwisha. Mwingereza ameondoka, kaka atacheka, mama yao atachinja kuku. Alinisimulia mwenyewe nikiwa msichana, na ilikuwa mara moja tu. Alisimama uani kwao akasalimu. Watu waliendelea kupukuchua mahindi. Akasalimu tena. Mama yake mzazi akavuta kanga akafunika uso. Mabega yakawa yanatikisika. Baba akatandika bendera pale chini mbele yake, akarudi kwa miguu.

Alikuwa na redio yake, anasikiliza habari za dunia nzima. Kipindi fulani akawa anafuatilia sana habari za Laos, huko Asia. Kulikuwa na mwana wa ukoo wa kifalme aliyeingia msituni kupigana na Wafaransa, wakati ndugu yake mwingine amekubali kukaa nao meza moja. Baba akanambia, "Priska, unamsikia mwenzangu?" Kisha akasema, "Lakini yeye ana bahati. Ndugu zake wanagombana naye." Sikumwelewa. Nilielewa nilipopata akili: watu wanagombana na mtu aliye hai.

Alikufa mwaka sabini na nane. Mama akameza kiburi chake chote, akatuma mtu Isansa kuwaambia Ezron amefariki, njooni tumzike. Jibu likarudi siku hiyo hiyo.

"Sisi tulishamzika."

Basi Mzee Uledi akavua kanzu, akashika jembe. Alimwita mwinjilisti aje kumwombea baba kwa dini yake, na kaburi walichimba Waislamu watupu. Wakamlaza uani kwao, karibu na watoto wao wachanga waliofariki. Ndiyo huko "uani kwa watu" anakokuonea kinyaa Bwana Alinanuswe.

Yote haya nilimwambia pale dukani, kwa sauti, wateja wakisikia. Wale wenzake wawili wakawa wanaangalia viatu vyao. Yeye alinisikiliza mpaka mwisho. Lazima niwe mkweli, hakunikatisha.

"Najua," akasema. "Siku ya mgomba nilikuwepo. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, sikutuma mtu. Tulikosea, mdogo wangu. Njoo Isansa. Nitasimama mbele ya ukoo mzima nikuite kwa jina lako, Priska binti Ezron. Watakuchuchumalia na kukupigia makofi kama wanavyopigiwa mabinti wa kiti. Nataka nilitengeneze hili kabla sijafa."

Aa, alijua pa kugusa! Mtu mzima mimi, mjukuu wangu mkubwa anaendesha semi, na roho ikanidunda. Kwa sababu hilo ndilo nimelitaka toka nikiwa mtoto. Sikutaka shamba wala kahawa. Nilitaka mtu mmoja, hata mmoja, asimame kwenye ardhi ile aseme huyu ni mtoto wa Ezron. Nilijichukia kwa kulitaka, na bado nililitaka.

Nilimwambia anipe muda, nikaenda kwa Raudha. Nilimkuta jikoni anachambua mboga. Nikamwaga yote.

"Kaburi halinisumbui," Raudha akasema. "Mzee Ezron ni baba yangu pia. Akikaa sawa, akienda sawa. Wewe unataka nini?"

"Nataka waniite."

"Basi nenda wakuite."

"Lakini nawachukia, Raudha!"

"Kwani ukienda utaacha kuwachukia? Nenda na chuki yako, nafasi ipo kwenye gari." Huyo ndiye Raudha, hana maneno ya kubembeleza. Kisha akaweka kisu chini. "Ila waseme ukweli. Waseme walimzika mgomba, na waseme ni kwa nini. Wakikuita bila kusema hilo, watakuwa wamekuvika kilemba cha ukoka."

Nikampigia simu Alinanuswe. Nikamwambia ridhaa yangu nitaitoa siku hiyo hiyo ya sherehe, mbele ya watu, akishasema habari ya mgomba kwa kinywa chake. Akasema, "Nitausema mgomba. Naapa kwa kaburi la baba yangu." Ningepaswa kumwuliza hivi huyo baba yako na ukweli walikuwa wanajuana? Sikuuliza.

Siku ya sherehe tulikodi gari, mimi na Raudha. Nimevaa kitenge kipya, nimesuka. Naam, nilisuka! Isansa kulikuwa na baridi yake ile ya Mbozi, kahawa zimeiva nyekundu kila upande, na nikawa najiuliza ipi ilikuwa ya baba. Uwanja umejaa. Mahema, viti vya plastiki, ngoma, muziki unaopasua masikio. Mgeni rasmi kakaa mbele na chupa yake ya maji. Tukakalishwa mstari wa mbele kabisa, na watu waliokuwa wanapita walinisalimu, shikamoo mama, shikamoo mama. Kila shikamoo iliniingia mwilini. Baba alisimama kwenye ardhi hii akasalimu hakuna aliyemwitikia, na mimi nasalimiwa na watoto wasionijua.

Alinanuswe akasimama na ngozi yake ya chui. Ana sauti nzuri, simnyimi haki yake. Akaanza na historia ya ukoo, akapanda, akapanda, akafika kwa baba.

"Ndugu zangu," akasema, "wapo wanaosema ukoo huu ulikuwa upande wa Mwingereza. Leo nitawaambia siri ambayo wazee wetu waliitunza. Mwene Wiliam na mdogo wake Ezron walikuwa kitu kimoja. Mwene ndiye aliyemtuma Ezron kuipigania nchi! Na Mwingereza alipotaka kumkamata, Mwene akafanya akili kubwa. Alizika mgomba, umevikwa shati la Ezron na kufungwa na blanketi lake! Akamdanganya Mwingereza kwamba Ezron amekufa, ili asitafutwe. Ukoo mzima ukanyoa nywele kumlinda shujaa wetu!"

Uwanja ukalipuka. Vigelegele, makofi, ngoma. Mgeni rasmi alikuwa anatikisa kichwa kwa kustaajabu, anaandika kwenye simu yake.

Mimi nilikuwa nimeganda. Alikuwa ameusema mgomba, kama alivyoapa. Alikuwa ameusema wote, na shati na blanketi na wembe, hakupunguza kitu. Adhabu iliyomla baba yangu akiwa hai ameigeuza ujanja wa kumlinda. Nilihisi damu inapanda mpaka kwenye meno. Raudha akanishika goti. "Subiri," akasema. "Bado hajakuita."

"Na leo," Alinanuswe akaendelea, "damu yake ipo hapa. Simama, mdogo wangu. Ndugu zangu, huyu ni Priska, binti Ezron, binti wa kiti hiki!"

Nikasimama. Na wao, Mungu wangu, wakachuchumaa. Uwanja mzima, wazee na vijana, akina mama na watoto mgongoni, wakachuchumaa wakaanza kupiga makofi yale ya taratibu, ya viganja vilivyokunjwa, ambayo mama alikuwa ananiigizia tukiwa wawili ndani akisema hivi ndivyo wangekupigia. Machozi yalinitoka. Nasema wazi, yalinitoka, na hayakuwa ya hasira. Nilitamani yale makofi yasiishe.

Ningeweza kukaa. Hakuna ambaye angenilaumu. Ningesema nimeridhia, mifupa ingehamishwa, mnara ungejengwa, na wajukuu zangu wangekuja Isansa kila sikukuu wakiwa watu wa kwao. Gharama yake ilikuwa kunyamaza tu. Alinanuswe alinyoosha mkono wenye kipaza sauti, anatabasamu, ananisubiri niseme nimeridhia.

Nikakichukua.

"Ahsanteni," nikasema. "Mmenipigia makofi ambayo baba yangu hakuyasikia. Sasa naomba niulize swali moja tu, mimi ni mwuza mchele, mambo ya siri za wazee siyajui. Kaka Alinanuswe anasema mlimzika baba yangu akiwa hai ili Mwingereza asimwone. Vizuri. Mwingereza aliondoka mwaka sitini na moja. Baba yangu amekufa mwaka sabini na nane, hapo Tunduma, mtu ukipanda basi asubuhi saa nne umefika. Miaka yote hiyo mlikuwa mnamficha nani?"

Makofi yakakatika. Nilimsikia mtoto analia mbali kule kwenye mahema.

"Alikuja hapa na bendera," nikasema. "Alisalimu mara mbili. Wapo hapa waliokuwa wanapukuchua mahindi siku hiyo, nawaona, msiangalie chini! Mama yake alijifunika kanga asimwone mwanawe. Hapo palikuwa na Mwingereza gani? Tulipotuma habari ya msiba mkatujibu mmeshamzika. Hiyo nayo ilikuwa akili kubwa? Mwene Wiliam hakumtuma baba yangu popote. Alimuuza. Na huyu mwanawe anataka kumuuza mara ya pili!"

Alinanuswe alinipokonya kipaza sauti. Ngozi ya chui ilikuwa imemshuka begani. "Wapendwa, mtusamehe," akasema, anahema. "Huyu mama umri umemchanganya. Na kusema ukweli, sisi hatuna hata uhakika kama ni mtoto wa Ezron. Ezron hakuacha mtoto katika ukoo huu."

Kule nyuma mzee mmoja, simjui hata leo, akauliza kwa sauti, "Sasa kama si mtoto wake, ridhaa ya kaburi ulikwenda kuomba kwa nani?"

Watu wengine wakacheka, kile kicheko cha kujizuia. Mgeni rasmi akaangalia saa, akamnong'oneza msaidizi wake, wakainuka. Hakukuwa na la zaidi. Nikamwambia Alinanuswe bila kipaza sauti, uso kwa uso, "Baba yangu haji. Analala alikozikwa na watu waliosubiri afe kwanza." Nikamshika Raudha mkono tukatoka katikati ya viti. Hakuna aliyechuchumaa. Na shikamoo zile, sikusikia hata moja.

Ndani ya gari Raudha alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake. Kahawa zinapita dirishani, zimeiva, nzuri, nikazichukia zote.

"Umewashinda," akasema. "Umeona alivyokimbia yule mgeni rasmi? Mnara haupo tena."

"Nimeshinda nini, Raudha?"

Akanipa mtandio wenyewe. 

Nikalia mpaka tulipoiona barabara kuu. Nilikuwa nalia kwa hasira, uelewe, si kwa huzuni. Maana maisha yangu yote nimeitwa binti Ezron mbele ya watu mara moja tu, na aliyeniita alikuwa anadanganya.